Chumvi Kinywani mwa Ndoana

Maiti ilikuwa imekaa.

Ilikuwa imekalishwa kwenye kigoda katikati ya chumba cha mazoezi cha chuo cha upelelezi, mikono imefungwa nyuma, miguu haina viatu. Mbele yake palikuwa na meza, na juu ya meza glasi ya maji iliyojaa hadi ukingoni.

Mama mfanya usafi aliyefungua mlango Jumatatu asubuhi alidhani ni sanamu. Chumba hicho kilipambwa kama sebule ya nyumba ya watu, na kila wiki wanafunzi walikuta humo sanamu la plastiki "limeuawa" kwa namna mpya, ili wajifunze kusoma eneo la tukio. Mama yule alipanguza kabati, akapanguza viti, akainama afagie chini ya kigoda. Ndipo alipoona kwamba sanamu lina soksi iliyotoboka, na kidole gumba kimechungulia nje.

Inspekta aliletwa kutoka makao makuu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye tabia ya kunyamaza mpaka mwenzake aone haya na kuanza kusema mwenyewe. Alimtambua marehemu tangu mlangoni. Nani katika kazi ile hakumjua Ndoana? Mkufunzi mkuu wa mahojiano. Jina hilo alipewa zamani, alipokuwa bado kikosini, kwa kuwa hapakuwa na mtuhumiwa aliyeingia chumbani mwake akatoka hajakiri.

"Kanyongwa kwa tai yake mwenyewe," alisema daktari wa maiti, kapiga magoti. "Kabla ya hapo alipigwa kisogoni na kitu kizito, lakini pigo halikumuua. Aliendelea kuishi. Tuseme alipigwa Jumamosi, akafa jana."

"Muda wote huo kafungwa hapa?"

"Hapa hapa. Na sogea uone hiki."

Alikipanua kinywa cha marehemu kwa kidole chenye glavu. Ulimi ulikuwa mweupe, umepasuka.

"Chumvi ya mawe," daktari alisema. "Kashindiliwa, tena zaidi ya mara moja. Aliyefanya hivi alikuwa na jambo lake."

Sajini wa alama za vidole alisimama na brashi mkononi, kakata tamaa. "Afande, hapa tumekwama. Darasa zima limeshika kila kitu humu. Nywele zao zimo, nyayo zao zimo. Nikipiga poda, nitawapata wote."

"Alama ziache kwanza. Mikono imefungwa na nini?"

"Utepe wetu wa vielelezo. Kila mwanafunzi ana bunda lake kwenye mkoba wa kazi."

"Kusanya mikoba yote. Kila bunda lilinganishwe na kipande hiki, pale kilipochanwa."

Mkuu wa chuo alimngoja ukumbini, kofia kwapani. Alikuwa tayari na jibu. "Ni majambazi. Ndoana aliwafunga wengi. Mmoja katoka jela, kaja kulipiza. Wanafunzi wangu waache wasome."

"Jambazi angepitaje getini, mkuu?"

Mkuu aliivaa kofia, akaivua.

Mwanafunzi wa kwanza kuhojiwa alikuwa kijana ambaye wenzake walimwita Redio. Hakuhitaji kuulizwa mara mbili.

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, afande. Karibu wote tulikwenda makwetu. Ndoana ndiye aliyebaki, alikuwa anaandaa tukio la Jumatatu. Hupenda kuandaa peke yake. Alipenda, nisamehe."

"Somo lake la mwisho, Ijumaa, lilihusu nini?"

"Kesi ya dereva. Dereva mmoja wa zamani aliyemuua mke wa tajiri wake. Ndoana alisema alimkalisha, akasema naye kwa upole, akamletea chai, jamaa akamwaga yote. Akatuigizia yule dereva alivyokuwa analia na kumwita mama yake. Tulicheka, afande, mbavu hatuna."

"Wote?"

Redio alifikiri. "Dada Mkubwa hakucheka."

"Ndiye nani?"

"Yule wa mbele kabisa. Katuzidi umri, ndiyo maana tunamwita hivyo. Katuzidi akili pia. Alinyoosha mkono akauliza, 'Afande, hiyo chai aliinywa?' Basi tukacheka tena."

"Ndoana akajibuje?"

"Hakujibu. Akageuka akafuta ubao."

Inspekta aliliandika swali hilo kwenye daftari lake.

Mchana Inspekta alikwenda kwa sajini mstaafu aliyekuwa msaidizi wa Ndoana enzi za kikosi. Alimkuta uani, kakaa kwenye kiti cha plastiki, nyonga imekataa, anagombana na mkewe juu ya kuku aliyeingia jikoni. Habari ya kifo ilikuwa imemfikia. Hakuonekana mtu wa kulia.

"Kafa vipi?" aliuliza.

"Kakalishwa. Kavuliwa viatu. Chumvi kinywani na maji mezani."

Mzee alimtazama mkewe. Mkewe alimchukua kuku wake akaingia ndani.

"Hiyo ndiyo chai yake," mzee alisema. "Mtu analambishwa chumvi. Kisha anawekewa maji hapo, anayaona, mikono nyuma. 'Utakunywa ukishasema kweli.' Ngozi haina hata mkwaruzo. Hakimu akiuliza kama alipigwa, anajibu hapana. Ni kweli, hakupigwa."

"Na yule dereva?"

"Kijana mtulivu yule. Alikataa, akakataa, mpaka midomo ikachanika. Mwisho akasema ameua. Ndoana akamuuliza aliua kwa nini, akasema, 'Andika unavyotaka, afande, nipe maji.'" Mzee alijikanda nyonga. "Alifia gerezani kabla rufaa haijasikilizwa. Kifua, walisema."

"Alikuwa na ndugu?"

"Mama. Na dada yake mdogo, binti wa shule. Alikuwa anakuja kila siku na chakula cha kaka yake, anasimama getini na sare zake mpaka jua linazama. Chakula tulikuwa tunakipokea sisi. Tunakila sisi."

"Ungemwona leo, ungemjua?"

"Ana kovu hapa, kwenye nyusi ya kushoto. Alisukumwa, akaangukia chuma cha geti." Hakusema ni nani aliyemsukuma, na Inspekta hakumuuliza. Alisimama akaaga.

Njiani simu yake iliita. Alikuwa sajini wa alama.

"Afande, utepe umeingiana. Nyuzi kwa nyuzi, kama meno ya juu na ya chini. Bunda ni la Dada Mkubwa."

Alimkuta darasani, peke yake, mikono juu ya dawati. Alikuwa mrefu, nywele zimekatwa chini kabisa. Nyusi ya kushoto ilikatika katikati kwa mstari mweupe.

Inspekta alivuta kiti akakaa upande wake, si mbele yake. Alimwambia haki zake: kunyamaza, kuwa na wakili, kumwita ndugu. Alimimina maji kwenye glasi akamsogezea. Dada Mkubwa aliyatazama kwa muda, kisha akayanywa yote.

"Mwanafunzi hodari kama wewe," Inspekta alisema, "umewezaje kuacha bunda la utepe kwenye mkoba?"

"Sikulisahau."

"Ulitaka tulipate."

"Nilitaka apatikane mpelelezi atakayeuliza chumvi ni ya nini. Wewe umeuliza?"

"Nimeuliza. Nimejibiwa."

Dada Mkubwa aliinamisha kichwa. Mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetua mzigo.

"Uliingiaje kazini?"

"Kwa mlango wa nyuma, kama wote wasio na mtu. Nililinda mageti. Nikaongoza magari kwenye jua. Nikakaa kaunta, naandika walioibiwa kuku na waliopigwa na waume zao. Niliomba upelelezi, nikaambiwa sina elimu ya sheria. Nikasoma jioni, nikapata cheti, nikaomba tena. Nikaambiwa umri umenitupa mkono. Niliendelea kuomba mpaka wakachoka wao. Mwanaume niliyechumbiwa naye alichoka kabla yao."

"Kwenye usaili huwa wanauliza kwa nini unataka kazi hii."

"Nilisema napenda haki. Wakaandika." Alifuta mdomo. "Nilitaka kumjua aliyemuua yule mama, ili kaka yangu asafishwe. Hayo tu. Ndoana sikumfikiria hata kidogo. Nilijua kaka alikiri, sikujua alikirishwa vipi. Lakini gerezani, nilipokwenda kumwona mara ya mwisho, kila alichosema kilikuwa maji. Ana kikombe mkononi, anaomba maji. Nilidhani ni homa."

"Mpaka Ijumaa."

"Mpaka Ijumaa. Aliposema chai nilijua anadanganya, kaka hakunywa chai tangu utoto, ilimtapisha. Nikauliza, akageuka ubaoni. Basi Jumamosi nikamfuata."

"Kumuua?"

"Kumuuliza. Nilimuuliza vizuri, afande. Alikuwa analipanga sanamu. Alicheka. Akasema, 'Kumbe ndugu yako? Mbona hukusema, ningekupa siri yenyewe.' Akanieleza. Chumvi, maji, yote, kama mpishi anayemgawia jirani mapishi yake. Akanigeuzia mgongo apange viti. Nyundo ya mazoezi ilikuwa mezani."

"Ukampiga."

"Alipozinduka alikuwa kwenye kigoda. Nikamwambia nataka kweli moja tu: nani alimuua yule mama. Nikafuata maelekezo yake. Chumvi niliitoa jikoni mwa chuo."

"Akasema?"

"Kaka yangu hakuvunjika kwa urahisi. Huyu alianza kusema kabla jua halijachwa. Alisema ni mume wa yule mama. Nikasogeza glasi. Akaona sijampa, akasema ni mlinzi. Nikaivuta. Akasema ni kaka yangu kweli. Kila niliposogeza glasi, alinipa muuaji mwingine. Asubuhi ya Jumapili alisema ni yeye mwenyewe Ndoana aliyeua."

Aliisukuma mbali ile glasi tupu.

"Miaka yote hiyo ya mageti na jua. Nikamfikia mtu pekee aliyekuwa anajua, nikamfungua kinywa, na hakuna neno moja ninaloweza kuliamini. Hata kama alinipa jina la kweli, sitalijua ni lipi. Nilikuwa nimegeuka yeye. Ndipo nikaishika ile tai."

Aliweka sahihi kwenye maelezo yake, kurasa zote, na kunyoosha mikono afungwe pingu.

Kabla jua halijazama Mkuu wa chuo alimwita Inspekta ofisini. Alikuwa ameyasoma maelezo.

"Kazi nzuri. Una utepe, una nyundo, umepata na kukiri. Inatosha kumfunga. Hii habari ya chumvi iondoe. Marehemu alikuwa nembo yetu, ana mjane, ana watu aliowafunga. Ukifungua hilo shimo, wataingia wote na rufaa zao."

"Chumvi ilikuwa kinywani, mkuu. Daktari ameiandika, picha zimepigwa. Siwezi kumtapisha maiti."

"Unamwonea huruma muuaji?"

"Nimemfunga pingu kwa mkono wangu. Atakwenda kujibu. Na jalada la dereva litakwenda pamoja naye, maana ndiyo sababu yake ya kuua. Nimeshaomba litolewe." Alisimama. "Na huyo mama aliyeuawa bado ana muuaji ambaye hakuna aliyemtafuta."

Nje, kwenye benchi la mapokezi, alikaa bibi mwembamba aliyejifunika khanga mabegani. Alisimama alipomwona Inspekta. Nyusi zake na za Dada Mkubwa zilikuwa moja, ila zake hazikuwa na kovu.

"Shikamoo, mama," Inspekta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiye uliyemkamata."

"Ndiye mimi."

"Kakubali?"

"Kakubali, mama. Hakulazimishwa. Na kesi ya kaka yake itasomwa upya mahakamani, mbele ya watu. Alichofanyiwa kitajulikana."

Bibi aliyasikiliza maneno hayo yote mpaka mwisho. Hakulia. Alikuwa kama mtu anayesikiliza njia anayoelekezwa, asije akapotea.

"Wa kwanza mlimchukua kwa uongo," alisema. "Huyu mnamchukua kwa kweli. Sasa niambie, mwanangu, maana wewe umesoma: siku hiyo mahakamani, mimi nikakae upande gani?"

Inspekta alizoea kunyamaza mpaka mwenzake aseme. Lakini bibi alikuwa amemaliza kusema, na alikuwa anangoja jibu.