Jina Lililoitwa Kwenye Tangi

Jua lilikuwa linazama ziwani Hamduni aliposhusha kisanduku chake cha spana mbele ya zahanati ya kijiji kipya, nje kidogo ya Mugango. Alikuwa fundi bomba wa Iringo, Musoma mjini, hodari wa mkono na mrefu wa mdomo. Alikuja na mkewe, Mwanaupe, maana kazi ya bomba inataka watu wawili: mmoja kwenye tangi, mmoja kwenye mashine.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kufulia, kuukuu, iliyoachwa Mugango na daktari mzungu kabla ya Uhuru. Nesi wa pale, Jenoveva, aliitegemea kwa mashuka ya wazazi. Sasa ilinguruma tu kwa umeme wa jenereta, maji haiingizi.

"Valvu ya maji hiyo," Hamduni alisema akiivua kifuniko. "Wewe na mashine hii, dada, mmeishi kama wake wenza."

Jenoveva hakucheka. Alimngoja Mwanaupe apande kilimani kwenye tangi, kisha akamsogelea fundi.

"Ukitaka maji, gonga bomba," alinong'ona. "Mkeo nimeshamwelekeza: mara moja afungue, mara mbili afunge. Huku jioni hatuitanagi majina."

"Kuna nini?"

"Tangi limejengwa kwenye kaya ya mzee Nyamhanga. Wakati wa Operesheni Vijiji alikataa kuhamia kijijini. Wakamchomea nyumba, na yeye yumo ndani. Ukoo ukatawanyika, hakuna mjukuu aliyepewa jina lake. Mzee asiye na wajina hatulii, fundi. Anatafutaga jina. Akilisikia, anamshika mwenye nalo."

"Mimi nimeitwa kutengeneza valvu, siyo kutoa mapepo!"

Sikio la kufa, jamani, halisikii dawa.

Alifungua valvu. Kichujio kilikuwa kimeziba kwa majivu... majivu mabichi, yamechanganyika na nywele nyeupe. Harufu ikampiga puani. Nyasi za paa zilizoungua. Na nyama.

Mtu mwenye akili angefunga kisanduku akaenda zake. Hamduni akaosha kichujio, akakata mpira wa baiskeli, akauweka mahali pa ule wa valvu uliokufa, akakaza. Akagonga bomba mara moja.

Maji yakaingia! Jenoveva akapiga makofi kama mtoto.

Pipa la mashine likajaa. Valvu ilipaswa kujifunga yenyewe, lakini haikujifunga. Hamduni akagonga mara mbili. Maji yakamwagika sakafuni, yakalowesha mashuka safi. Akagonga tena, kwa nguvu. Wapi!

Hasira zikampanda. Nyumbani kila siku alimwita mkewe Mama Zuhura, kwa adabu. Lakini hasira haina adabu. Akatoa kichwa dirishani.

"Mwanaupe! Funga maji, Mwanaupe!"

"Fundi, hapana!" Jenoveva alimziba mdomo, amechelewa.

Maji yakakatika. Jenereta ikazima.

Halafu, ndani ya pipa la mashine, sauti kavu ya mzee ikalijaribu lile jina, polepole.

"Mwa... na... u... pe."

Kule kilimani mkewe akapiga ukelele.

Hamduni alikimbia, spana kubwa mkononi. Mwanaupe alikuwa nusu ndani ya tangi, miguu inapiga hewa. Akaidaka miguu, akavuta. Kitu kikavuta upande wa pili. Kichwa chake kilipoibuka, mikono miwili ilikuwa imemkaba shingo, myeusi kama mkaa, ngozi inaning'inia.

Akapiga.

Mfupa ukalia ko! Akapiga tena, na tena, mpaka ngozi ile ikanasa kwenye spana. Mikono haikulegea. Kucha zilizama shingoni, damu ya moto ikamrukia Hamduni usoni. Mwanaupe akaung'ata mkono ule, meno yakatoka na kipande, akakitema huku akitapika majivu. Hamduni akavuta kwa nguvu zake zote. Bega la mkewe likafyatuka. Kelele aliyotoa mwanamke yule Mungu atuepushe nayo.

"Baba Zuhura... nakufa..."

Maji yakafunguka, uso ukatokea. Hauna macho. Hauna midomo.

"Nipe jina jingine," ukanong'ona. "Nipe, nimwache huyu."

Mkewe alikuwa anazama mbele yake. Macho yameanza kugeuka.

"Jenoveva!" Hamduni alilia. "Mchukue Jenoveva!"

Mikono ikaachia.

Chini zahanatini, ukelele mmoja. Mfupi. Kisha mashine ikaanza kunguruma, na jenereta imezima.

Walipofika, Jenoveva alikuwa ameingizwa ndani ya pipa mpaka mabega, shingo imesokotwa kama shuka linalokamuliwa. Damu ilikuwa imejaa mpaka kwenye mstari wa maji, isizidi. Valvu ilikuwa imefunga vizuri, hata tone halivuji.

Wanakijiji wakaja na mapanga na taa za chemli. Wakatazama. Hakuna aliyeuliza kitu. Mzee mmoja akasema mashine imemvuta nesi, wengine wakaitikia haraka haraka, na wakaanza kuchimba kaburi.

Hamduni na mkewe walirudi mjini na lori la pamba. Mwanaupe alikaa juu ya marobota, mkono umefungwa kwa kanga, shingoni alama za vidole kumi. Walipokaribia Musoma akasema, bila kumtazama:

"Yule dada alikukosea nini?"

"Hakunikosea, Mama Zuhura. Ningefanyaje? Ulikuwa unakufa. Kule kijijini sikujua jina la mtu mwingine."

Mwanaupe akageuka, akamtazama.

"Lako ulilijua."