Tundu Lililoachwa Wazi

Kila asubuhi kabla ya shule, Apolinaria aliteka maji kisimani katika kijiji chao cha ujamaa, karibu na Usoke. Siku moja aliikosa ngata yake ya kutwikia ndoo. Baba yake, Kasimiri, dereva wa lori kuukuu la kijiji, alikuwa amekwenda Tabora kununua plagi mpya. Matundu ya plagi kwenye injini alikuwa ameyaziba kwa vitambaa. Apolinaria alifunua boneti, akachomoa kitambaa kimoja, akakiviringisha na kukitia chini ya ndoo.

Mvua ilimkuta kisimani, na boneti alikuwa ameiacha wazi. Aliporudi alikikamua kitambaa, akakirudisha tunduni, akafunga boneti, asimwambie mtu.

Baba alirejea baada ya siku kadhaa. Akafunga plagi na kuzungusha hendeli ya kuwashia injini. Haikusogea. Vijana wakajaribu mmoja mmoja, wakatoka jasho bure. Tumbaku ya kijiji kizima ilikuwa ikingoja kupelekwa stesheni, na ghala lilikuwa likivuja.

"Ndugu Kasimiri, umeendesha mali ya umma bila oili," alisema Mwenyekiti Ngollo. "Tutatafuta dereva mwingine."

"Oili ipo, Mwenyekiti. Pima mwenyewe."

"Nipime nini? Mimi nalima tumbaku, silimi malori!"

Watu wakacheka. Kasimiri hakucheka.

Fundi Mabruki aliletwa kwa treni kutoka mjini. "Maji yaliingia?" akauliza.

"Hapana. Kila tundu nililikuta limezibwa."

"Basi kuna kilichovunjika ndani. Vipuri hadi Dar es Salaam, na sijui vitafika lini."

"Lifungieni lori ng'ombe, walivute likiwa kwenye gia!" akaamuru Ngollo.

Kasimiri aliketi chini, mikono magotini, hana la kufanya. Apolinaria hakuwahi kumwona hivyo. Akamsogelea fundi mzee.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Maji yaliingia. Nilichukua kitambaa nikafanya ngata, mvua ikanyesha."

Baba akamtazama. "Mbona hukusema?"

"Niliogopa, Baba."

Fundi akasimama. "Rudisheni ng'ombe malishoni! Hiyo ni kutu. Pistoni imeshikana na silinda. Mkiivuta mtaivunja."

Akafungua plagi, akamimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili katika kila tundu, akakataza mtu yeyote asiiguse hadi kesho yake.

"Tukae tu?" akanung'unika Ngollo.

"Mwenyekiti, jino haling'olewi kwa jembe."

Asubuhi fundi alisukuma hendeli kidogo mbele, kidogo nyuma. Kimya. Akaongeza mafuta, wakangoja tena. Hatimaye kitu kililia ndani, hendeli ikasogea upana wa kidole, kisha ikazunguka. Injini ikakohoa moshi mweusi, ikawaka. Watu wakakimbilia kupakia tumbaku.

Kasimiri alimwita binti yake kando. "Ungemwambia mtu siku ile ile, maji yangekaushwa na kazi ingekwisha. Kosa lililofichwa hufanya kazi ya kutu, Apolinaria: linakula huku hulioni. Ulipolitoa nje, fundi akajua pa kuanzia. Lakini wako wanaoamini bado kwamba niliunguza injini yao. Mimi sitajitetea."

Jioni, kwenye mkutano wa kijiji, Apolinaria alinyoosha mkono kabla Mwenyekiti hajauliza nani ana neno.