Swali Lililokosa Jibu Rasbura

Januari, shule zikifunguliwa, duka la Lusia pale sokoni Lindi halina pa kupitishia mguu. Wazazi wanagombea madaftari, mashine ya fotokopi inanguruma, na katikati ya msukumano huo mwalimu Dativa, gauni la kitenge cha bluu, mgongo umenyooka utadhani taji bado liko kichwani, alikuwa amekumbatia maboksi mawili ya chaki, akingoja kupewa madaftari ya darasa lake, aliposikia sauti nyuma yake.

"Kumbe hata mrembo wa mkoa anapanga foleni?"

Hakuhitaji kugeuka. Moyo ulimlipuka paa.

"Bwana shamba," alisema. "Huko kazini Likawage wamekuachia?"

"Wamenikopesha siku mbili. Umenenepa, Dati."

"Na wewe shati ni lile lile la kijani?"

"Lile lile."

Wakacheka. Miaka miwili hawajaonana, na kilichowatenganisha ni sentensi moja tu.

Ilikuwa hivi. Mwaka alioshinda taji, Dativa alifundishwa na mwalimu wa jukwaani kwamba ukiulizwa swali, hata kama akili imeganda, tabasamu, sema "asante kwa swali zuri," kisha mwaga ulichokariri. Alikariri majibu ishirini, akashinda. Basi Benedikto, bwana shamba huyu, alipomkuta barazani kwao Rasbura akamwuliza, jasho likimtoka, "Nikileta barua ya posa, utaipokea?" binti wa watu alishtuka kwa furaha, akili ikaganda, mdomo ukajiendea wenyewe. Akatoa tabasamu la picha.

"Asante kwa swali zuri."

Na jibu lenyewe? Halikuja. La posa hakuwa amelikariri. Benedikto akaona amefanyiwa mzaha. Akaaga kwa adabu, na wiki ile ile akaomba uhamisho, akapelekwa Likawage. Dativa naye, badala ya kupiga simu, akangoja apigiwe. Jamani, maringo mengine ni ya nini?

Ndiyo maana darasani kwake, shule ya Kinjumbi, mtoto haruhusiwi kukariri jibu. Mwalimu Dativa akiuliza swali anangoja, hata dakika mbili. Mtoto akisema, "Bado natafuta, mwalimu," humwambia, "Tafuta, tupo." Wazazi wanamsifu kwa uvumilivu. Laiti wangejua aliupatia wapi.

"Bado uko Kinjumbi?" Benedikto aliuliza.

"Bado. Darasa la nne. Ben, siku ile nyumbani..."

"Benedikto na Rosemary!" Lusia aliita kutoka kwenye mashine. "Kadi za harusi tayari, njoo ukague majina."

Benedikto aliinamisha macho kwenye yale maboksi ya chaki.

"Ni mwezi ujao," alisema. "Nilidhani umesikia."

Na lile tabasamu, mgeni asiyealikwa, likampanda Dativa usoni. "Hongera sana," akasema, akatoka mbio, hata madaftari aliyokwisha kuyalipia akayasahau.

Jioni simu ikaita.

"Madaftari yako nimeyaacha kwa mama, hapo kwenu."

"Ameniambia. Asante."

"Dati, dukani ulitaka kusema nini?"

Dativa alijipa muda ule anaowapa watoto, na Benedikto hakukata simu.

"Sikukucheka siku ile," alisema hatimaye. "Niliogopa. Jibu langu lilikuwa ndiyo. Lilikuwa ndiyo hata kabla hujauliza. Nilitaka kukupigia kesho yake, nikaona haya, na haya hiyo imenikosesha mume."

Alimsikia akivuta pumzi.

"Miaka miwili, Dati. Miaka miwili najisemea, mrembo atamtakia nini bwana shamba."

"Nilikutaka."

"Rosemary hana kosa."

"Hana. Ndiyo maana sikuombi kitu."

Alikuwa analia sasa, wala hakuficha, na upande wa pili mwanamume mzima alisikika akipenga kamasi.

"Harusini utakuja?" Benedikto aliuliza kwa sauti ndogo.

Jibu la heshima lilishafika mdomoni, lile la kumridhisha kila mtu. Dativa akalimeza.

"Siji, Ben. Bado nakupenda, kwa hiyo siji."



"Haya, mwalimu," alisema. "Nimekuelewa."

Akakata simu. Dativa alibaki uani, akalia mpaka mama yake akaja akaketi kando yake, asimwulize kitu.