Kitambaa Chekundu cha Karakana

Sindano hakuwa na rula ya chuma. Hakuwa na penseli ya seremala, ile bapa isiyoviringika mezani. Hakuwa na kaka wala dada wa kumwazima vifaa, na subira nayo hakujaliwa nyingi. Aproni alikuwa nayo, lakini haikuwa na mkanda wa kufungia kiunoni.

Jambo hilo la mwisho lilikuwa kichekesho darasani, kwa kuwa mama yake alikuwa mshona nguo. Ndiyo maana wenzake walimwita Sindano. Hilo, na wembamba wa msichana huyo. Wiki nzima alimkumbusha mama yake, na wiki nzima mama alimjibu huku ameuma pini midomoni, "Kesho, mwanangu. Nguo za watu kwanza."

"Kinyozi hajinyoi," Gogo alimtania asubuhi ile, walipopanga foleni mlangoni pa karakana ya shule. Gogo alikuwa jirani yake wa meza, mvulana mnene na mpole, aliyepata jina lake kwa kulala darasani. "Mama yako anavika mji mzima, wewe unaning'inia kama pazia."

"Heri pazia," Sindano akamjibu. "Gogo mwisho wake ni jikoni."

Mwalimu wa useremala alisimama mlangoni kama ilivyokuwa desturi yake, akimkagua kila mmoja. Mikono ya shati ikunjwe, nywele zifungwe, vidole vya miguu vifunikwe. "Nguo inayopepea inatafuta pa kunasa," alizoea kusema. Alipomfikia Sindano aliinua ncha ya aproni.

"Mkanda uko wapi?"

"Unakuja, mwalimu."

"Vizuri. Ukifika, na wewe uingie."

Darasa likacheka. Sindano akabaki kizingitini, uso ukimwaka. Siku hiyo ndipo walipoanza kupigilia miguu ya vigoda vyao, na yeye hakutaka kuachwa nyuma.

Karibu na mlango palikuwa na ukuta wa vifaa. Misumeno, randa, patasi na nyundo vilitundikwa hapo, kila kimoja mahali pake. Nyundo moja ilikuwa imefungwa kitambaa chekundu kwenye mpini. Hakuna mwanafunzi asiyejua maana yake: kifaa hiki kigonjwa, kisiguswe. Mwalimu ndiye aliyekifunga, na ni yeye peke yake aliyeruhusiwa kukifungua baada ya kutengeneza.

Sindano alikitazama kitambaa. Kilikuwa kirefu, kimechanwa kutoka kwenye shuka kuukuu. Nitakirudisha kabla ya kengele, akajiambia. Mwalimu alipogeuka kumkagua mwingine, akakifungua upesi, akajifunga kiunoni juu ya aproni, kisha akashusha sweta juu yake. Kwa mtu mwingine kingekuwa kifupi; kwa Sindano kilitosha.

"Umefika?" mwalimu akauliza.

"Umefika, mwalimu."

Mwalimu akamwashiria aingie.

Gogo alichelewa kupima miguu ya kigoda chake, hivyo alipokwenda ukutani nyundo nzuri zilikuwa zimekwisha. Akachukua iliyobaki. Sindano alikuwa ameinama akipiga msasa, wala hakumwona. Alisikia mapigo mawili, kisha mlio wa chuma kugonga chuma. Kichwa cha nyundo kilikuwa kimechomoka kwenye mpini, kikagonga jiliwa, chuma cha kubania mbao mezani, na kumrudia Gogo usoni.

Gogo hakulia. Aliketi sakafuni juu ya maranda, ameshika jicho, na damu ikampitia katikati ya vidole.

Mwalimu alifika akiwa na kitambaa safi, akakandamiza jeraha. "Nyundo hii umeitoa wapi, baba?"

"Ukutani, mwalimu. Haikuwa na chochote."

Mwalimu aliutazama mpini uliolala chini. Akaugeuza huku na huku. Gari la kumpeleka Gogo hospitali likafika.

Alasiri mwalimu mkuu aliingia karakana, akauliza mbele ya wote imekuwaje. Mwalimu wa useremala akavua kofia yake.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilijua nyundo ile imelegea. Ningeapa kwamba niliifunga kitambaa. Inaonekana sikuifunga."

"Basi pafungwe," mwalimu mkuu akasema. "Kesho unikabidhi ufunguo. Kamati ya shule itaamua kama utaendelea kufundisha hapa."

Fundo la kitambaa lilimchoma Sindano tumboni. Alitoka na wenzake, ameinamisha kichwa, sweta ameivuta hadi mapajani.

Nyumbani, mama aliiona aproni. "Nani kakupa mkanda?"

"Nimeuokota."

Mama akaacha cherehani, akatoa pini midomoni. "Nisamehe, mwanangu. Mtoto wa mshona nguo anaokota vitambaa barabarani, na mimi nipo. Aibu ni yangu."

Heri angempiga. Sasa watu wawili wazima walikuwa wamejitwika mzigo wake, naye amenyamaza tu.

Asubuhi alikwenda shule mapema. Mlango wa karakana ulikuwa wazi kidogo, akachungulia. Mwalimu alikuwa peke yake, na rundo la vitambaa vyekundu mkononi. Alikuwa akifunga kila kifaa. Alifunga nyundo nzima, misumeno mipya, randa aliyoinoa wiki iliyopita. Hata ufagio ulikuwa na kitambaa. Ukuta wote ulikuwa mwekundu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Leo hakuna somo, binti."

"Mwalimu, mbona umefunga vyote? Vingine ni vizima."

"Najua. Lakini nilijua na ile nyundo, au nilidhani najua." Akajaribu kucheka. "Jana nilimwuliza mke wangu kama nimeanza kusahau mambo. Alichelewa kujibu."

Sindano akainua sweta. Fundo likakataa kufunguka. Ikambidi alivute hadi kitambaa kikapasuka. Akakiweka mezani.

"Ulikifunga, mwalimu. Mimi ndiye niliyekifungua. Nilitaka kuingia."

Mwalimu alikaa kwenye kigoda. Alikishika kile kitambaa, akalipapasa fundo.

"Kwa hiyo sijazeeka," mwalimu akasema polepole. Kisha sauti ikawa kali. "Na mtoto wa watu ameshonwa nyuzi juu ya jicho. Nusu kidole chini zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine. Ulifuata sheria moja kwa kuvunja nyingine, ili mimi nisione. Huko ni kufuata sheria kweli?"

"Hapana, mwalimu."

"Kitambaa hiki ni neno langu kwa anayekuja baada yangu. Ulipokifungua, ulilifuta neno, na Gogo akafika ukutani hana cha kusoma. Sheria za karakana haziwekwi ili kumridhisha mwalimu mlangoni. Zinamlinda mwenzio usiyemwona. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Kosa linalofichwa humwangukia asiyehusika."

Wakaenda pamoja kwa mwalimu mkuu. Sindano alisema yote akiwa amesimama, na hakujitetea. Alipewa kazi ya kufagia karakana hadi mwisho wa muhula. Mwalimu wa useremala aliachiwa ufunguo wake, aendelee kufundisha.

Gogo alikuwa kwa shangazi yake, katika mji mwingine wenye hospitali ya macho. Jicho lilikuwa salama, lakini alitakiwa apumzike. Jioni ile Sindano alikaa kando ya cherehani akamwandikia. Alichana karatasi kadhaa. Mama, ambaye sasa aliujua ukweli wote, alishona mkanda wa aproni bila kumharakisha.

Barua iliyobaki ilikuwa fupi. Alieleza nani alifungua kitambaa na kwa nini, akaomba radhi bila kutafuta sababu. Chini kabisa aliandika: "Kigoda chako hakijaguswa. Kila siku nitakifuta vumbi. Lile neno la jikoni, nisamehe na hilo."

Yeye na mama wakatembea hadi posta. Sindano alilamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe, kisha akaitumbukiza kwenye sanduku.