Pumzi ya Nani Kwenye Kioo?

Kabla sijaanza, nikiri kwanza. Nilipokuwa na miaka sita, nilimsingizia bibi yangu. Mungu amenisamehe, lakini sijasahau.

Kwetu ni Tukuyu. Huko mvua haina adabu. Inanyesha asubuhi, inanyesha jioni. Chwa, chwa, chwa.

Tulikuwa na gari dogo la kijani. Mbele walikaa Baba na Bibi. Nyuma nilikaa mimi Tupokigwe na mdogo wangu Lusajo.

Jumatatu nilicheza kwenye maji ya mtaroni. Mama alikuwa amenikataza. Sweta langu la shule likalowa chepechepe.

Unadhani nilimwambia Mama? Sikumwambia. Nililikunja sweta, nikalisukuma chini ya kiti cha gari.

"Sweta liko wapi?" Mama akauliza.

"Liko shuleni," nikasema. Ulikuwa uongo. Wewe likumbuke hilo sweta. Mimi nililisahau.

Jumanne tukapanda gari. Baba akafunga vioo vyote, mvua isiingie. Hatujafika hata darajani, kioo cha mbele kikawa cheupe. Cheupe kama maziwa.

"Mbona sioni?" Baba akasema. Akawasha wipa. Shwii, shwaa. Shwii, shwaa.

Kioo bado cheupe. Wipa zilipangusa nje. Weupe ulikuwa ndani.

Baba akapangusa kwa kiganja. Kwi, kwi, kwi. Ikabaki michirizi. Sasa aliona michirizi tu.

Ghafla, kriii! Baba alikanyaga breki. Mbele yetu alisimama ndama, anatafuna majani. Zilibaki hatua mbili tu tumgonge.

"Ni Mungu tu," Baba akasema.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku.

*Pumzi ya nani hii?*
*Si yangu. Si yangu.*
*Basi ni ya nani?*

Nikamtazama Lusajo. Alikuwa amelala. Pua yake ndogo, pumzi yake ndogo.

Nikamtazama Baba. Mdomo ameufunga.

Nikamtazama Bibi. Midomo ya Bibi ilikuwa inacheza.

Bibi alikuwa na desturi yake. Gari likiondoka, anaanza kuomba. Haachi mpaka tufike. "Hhh, Bwana, tulinde. Hhh, Bwana, utufikishe."

Na pale kwenye kioo, karibu na mdomo wake, palikuwa na kiwingu kidogo cheupe.

Ahaa, nikasema moyoni.

Jumatano nilimchunguza. Alhamisi nilimchunguza tena. Nilifumba jicho moja, nikamtazama kwa jingine.

Bibi akageuka. "Mke mwenzangu, mbona unanitazama hivyo? Nimeota pembe?"

Bibi alipenda kuniita mke mwenzake. Ni utani wa bibi na mjukuu.

"Hapana, Bibi," nikasema. Lakini sikucheka.

*Pumzi ya nani hii?*
*Si yangu. Si yangu.*
*Basi ni ya nani?*

Ijumaa kioo kikawa cheupe zaidi. Nikanyoosha kidole. "Baba, ni Bibi. Anaomba kwa mdomo. Anapumulia kioo."

Chwa, chwa, chwa, mvua peke yake ilisema.

Bibi akavuta kanga yake. Akaufunika mdomo. Siku hiyo hakuomba tena mpaka tulipofika.

Jumapili ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Kila mtu hupeleka kanisani mazao yake ya kwanza. Mama alitangulia, maana yeye ni mwanakwaya.

Bibi alikuwa amechagua maparachichi yake makubwa. Alikuwa ameyafuta moja moja. Alikuwa amevaa kitenge kipya.

Alipofika mlangoni mwa gari, akasimama. Akaweka kapu kwenye kiti chake.

"Nendeni tu," akasema. "Tupokigwe, unipelekee kapu langu."

"Mama, panda twende," Baba akamwambia Bibi. "Umeisubiri siku hii mwaka mzima."

"Mwanangu, una watoto humo ndani. Pumzi yangu isije ikakuziba macho. Nitaomba nikiwa hapa."

Akakaa kwenye kigoda, barazani. Akatupungia mkono. Mimi sikumpungia. Niliangalia viatu vyangu.

Tukaondoka. Leo kioo kitakuwa safi, nikajisemea. Bibi hayupo.

Tukapita shule. Tukakaribia daraja. Nikatazama kioo.

Cheupe. Cheupe kuliko Ijumaa.

*Pumzi ya nani hii?*
*Bibi hayupo.*
*Basi ni ya nani?*

Baba akaegesha gari pembeni. Akanusa. Nfu, nfu. "Humu kuna kitu kinanuka. Kama mbuzi aliyelowa."

"Mbuzi!" Lusajo akasema. Akacheka.

"Tupokigwe, umepakia mbuzi?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini niliona kapu la Bibi, limekaa peke yake kwenye kiti cha Bibi.

"Baba," nikasema, "ni sweta langu."

Nikaingiza mkono chini ya kiti, nikalivuta. Bado lilikuwa bichi. Hata zulia la gari lilikuwa limelowa. To, to, to, maji yakadondoka kwenye viatu vyangu.

Nikamweleza Baba yote. Mtaro. Kuficha. Kudanganya.

Baba hakufoka. "Puliza kioo hicho cha pembeni," akasema.

Haaa. Kikatokea kiwingu cheupe. Kama kile cha Bibi.

"Haaa," akapuliza Lusajo. Kiwingu kingine.

"Unaona?" Baba akasema. "Pumzi ya kila mtu ina maji. Yangu, yako, na ya Bibi. Lakini sweta hili lina maji kutushinda sote. Maji yanapanda kama mvuke wa chungu. Yanakuta kioo cha baridi, yanakaa pale."

Halafu Baba akajikuna kichwa. "Na mimi nilikosea. Nilifunga vioo vyote, gari likawa kama chupa."

Baba akatia sweta kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo. Zulia nalo akalitoa, akalitia kwenye buti.

Akawasha hita, hewa ya moto ipige kioo. Fuuu.

Akabonyeza kitufe cha kiyoyozi. "Hiki kinakausha hewa," akasema. Fuuu, fuuu.

Akashusha kioo cha mlango kidogo, upana wa kidole. Kisha akachukua kitambaa kikavu, akapangusa polepole. Mara hii hakutumia kiganja.

Weupe ukaanza kuondoka. Kwanza chini. Halafu katikati. Halafu juu.

Nikaliona daraja. Nikayaona mashamba ya chai. Nikamwona hata yule ndama, bado anatafuna.

"Sasa twende wapi?" Baba akaniuliza.

"Kwa Bibi," nikasema.

Baba akageuza gari.

Bibi alikuwa bado kwenye kigoda. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo.

"Shikamoo, Bibi," nikasema. "Si pumzi yako. Ni sweta langu. Nililificha, nikadanganya, nikakusingizia wewe. Naomba unisamehe."

Bibi akanitazama. Alifumba jicho moja, akanitazama kwa jingine. Kama nilivyomfanyia mimi.

"Mke mwenzangu," akasema, "mimi nilishaanza kujifunza kuishi bila kupumua."

Halafu akacheka, akanivuta kifuani.

Akapanda gari, akapakata kapu lake. Lakini midomo yake haikucheza.

"Bibi, omba," nikasema. "Omba kwa sauti."

"Hhh, Bwana, tulinde," akaanza. "Hhh, Bwana, utufikishe."

Kiwingu kidogo kikatokea kwenye kioo. Fuuu. Kikaondoka.

"Amina," akasema Baba. "Amina," nikasema mimi. "AMINA," akasema Lusajo.

Tulifika tumechelewa. Lakini Bibi alilipeleka kapu lake mbele kwa mikono yake mwenyewe. Nilishika mshikio mmoja.

Jioni Mama alianika sweta karibu na jiko, na zulia la gari kando yake. Bibi akanifunika blanketi. Pumzi yake ilipita shavuni mwangu, ya moto, taratibu.

*Pumzi ya nani hii?*
*Ni ya Bibi. Ni ya Bibi.*
Nikalala.

Nawe unayenisikiliza, nakuomba kitu kimoja. Siku kioo kikiwa cheupe, usimnyooshee mtu kidole. Tazama kwanza chini ya kiti chako.