Kipimo cha Kichwa cha Fundi

Fundi na mkewe wameshona pamoja miaka thelathini. Fundi hukata, mkewe huketi kwenye cherehani. Vipimo vya wateja huandikwa na mke, kwenye daftari moja, na hajawahi kudanganya hata nusu inchi. Ukinenepa, anakuandika ulivyonenepa.

Kisha mkono wa kulia wa Fundi ukaanza kutetemeka. Ukipumzika mapajani, ulitulia. Ukishika mkasi, ulicheza. Alimeza vidonge miaka miwili, wapi. Siku alipoharibu koti la mteja, aliufungia mkasi kwenye droo akasema basi, hakati tena. Mkewe aliingia chumbani akalia.

Hospitali waliambiwa kuna tiba ya mawimbi ya sauti. Kichwa hakipasuliwi. Mawimbi hupita kwenye fuvu, hukutana sehemu moja ndogo ya ubongo na kuichoma, na mtetemeko hupungua. Lakini muuguzi alisema si kila fuvu linafaa. Lazima lipimwe kwanza.

Mke akaingiwa na hofu. Mumewe ana kichwa kikubwa, hakuna kofia ya dukani inayomtosha. Walipofika nyumbani alimpima kwa futi yake ya kushonea: inchi ishirini na nne. Akaandika ishirini na mbili, kimyakimya.

Siku ya miadi alimkabidhi daktari daftari. Daktari alitabasamu, akasema ukubwa wa kichwa si hoja. Kinachotazamwa ni mfupa wenyewe, na huo huonekana kwa picha ya CT.

"Kwani mfupa si mfupa tu?" Fundi aliuliza.

"Fuvu lina matabaka matatu, baba. La nje na la ndani ni magumu. La katikati lina vitundu kama sifongo. Matabaka hayo yakitofautiana mno, mawimbi hunaswa njiani. Fuvu linapata moto, na pale tunapolenga hapapati joto la kutosha."

Fundi alifikiri kidogo. "Kama kola. Vitambaa visipopatana, joto la pasi linaishia juu, gundi ya ndani haishiki. Ukiongeza moto, unaunguza."

"Hasa. Fuvu likikataa, hatulazimishi. Tunatafuta njia nyingine."

Walisubiri majibu wiki mbili. Mke hakula vizuri hata siku moja. Majibu yakaja: fuvu linafaa.

Walimnyoa kipara, wakamfunga kichwa kwenye fremu, wakamwingiza kwenye mashine akiwa macho. Maji baridi yalizunguka kichwa chake. Kila mawimbi yaliposimama, alichora duara. La kwanza lilikuwa na meno kama msumeno. La mwisho lilikuwa laini. Daktari alikuwa amewaonya mapema kwamba tiba hii ni ya mkono wa kulia tu, kwamba anaweza kuyumba akitembea au kupata ganzi, na kwamba mtetemeko huweza kurudi kidogo baada ya muda.

Kweli aliyumba siku kadhaa, mkewe akimshika kiuno. Wiki ya tatu alifungua droo. Kipara kilikuwa bado kinapigwa na baridi, kwa hiyo alijikatia kofia. Alisoma kipimo chake kwenye daftari, akakata mstari ulionyooka. Kofia ilitoka safi, ila iligoma kushuka. Ilikaa utosini.

"Mama, hiki kipimo ulichukua wewe?"

"Nilipunguza inchi mbili," mkewe alisema. "Niliogopa watakukataa."

Fundi aliivuta kofia ikae sawa. Hakuivua ile kofia siku nzima. Wateja walipomuuliza mbona inambana, alijibu kuwa imeshonwa kwa kipimo cha mke wake.