Nyongeza ya Raihana

Asubuhi ya Jumatatu, kabla mafundi wa mtaa wa Buyenzi hawajaanza kugonga mabati ya magari, Raihana alikuwa ameshaoga, ameshasali, ameshapiga pasi sketi yake mara mbili, na sasa alitaka kuipiga mara ya tatu.

"Unataka kuichoma?" bibi yake, Mwanne, aliuliza kutoka uani. "Kunywa chai uende. Samaki hawatatazama sketi."

Na kweli, kazi ilikuwa ya samaki. Raihana, mwenye miaka kumi na mitano, alikuwa mmoja wa wanafunzi wawili waliochaguliwa kati ya themanini kufanya staji ya likizo kubwa, yaani kujifunza kazi kwa wiki sita, katika maabara ya utafiti wa samaki huko Mutanga Sud. Wiki ya kwanza ilikuwa ya majaribio. Anayefanya vizuri anabaki. Anayeharibu anashukuriwa na kurudishwa nyumbani. Mtaa mzima ulishajua, maana habari njema haikai kinywani mwa Bibi Mwanne.

Mkuu wa maabara, Madamu Fabiola, alikuwa mama mrefu asiye na maneno mengi. Alimkabidhi Raihana mizani ndogo na vikopo vyenye vifuniko.

"Kila asubuhi mtakwenda Kajaga, kule ziwani, kwa gari letu," alisema. "Wavuvi wakishusha ndagala, hao dagaa wa ziwa letu, kila mtumbwi utatupa kopo moja. Gramu mia mbili. Raihana, wewe utapima. Loïc, wewe utahesabu hapa maabara kopo moja lina samaki wangapi. Wakiwa wachache, ndagala ni wakubwa. Wakiwa wengi, ni wadogo. Mmenielewa?"

"Tumeelewa, Madamu," walijibu pamoja.

Loïc, yule mwanafunzi wa pili, alikuwa mvulana mpole wa hapo hapo Mutanga Sud, anayependa maandazi kuliko kitu kingine chochote duniani. Kabla ya saa nne walikuwa marafiki, kwa sababu Raihana alibeba maandazi manne.

Ufukweni Kajaga, Raihana alifanya kazi kwa moyo wote. Alimimina ndagala kwenye kopo juu ya mizani mpaka namba ikafika mia mbili. Akaandika daftarini: 200. Halafu, bila hata kufikiri, mkono wake ukachota ndagala wengine, kiganja kimoja kilichojaa, ukawatia juu na kufunga kifuniko.

Msimcheke. Bibi Mwanne ameuza ndagala sokoni kwa miaka thelathini, na Raihana amesimama pembeni yake tangu ana miaka saba. Pale, kupima na kuishia kwenye namba tu ni aibu kubwa. Mteja akishapimiwa huwa haondoki. Anasubiri kiganja cha mwisho, nyongeza yake.

"Mi siwezi kumupa mutu kipimo kikavu," bibi husema. "Ataniona mi mutu gani?"

Basi Raihana angewezaje kumpelekea Madamu Fabiola vikopo vikavu, mama wa watu aliyemchagua kati ya themanini? Alimwekea nyongeza kwenye kila kopo, siku tatu, vikopo ishirini, na kila mara moyo wake ulifurahi. Hata mzee Salvator, mkubwa wa wavuvi wa pale, alimsifu.

"Huyu mutoto ana mukono muzuri," alisema.

Alhamisi mchana Madamu Fabiola aliwaita mbele ya ubao. Uso wake ulikuwa na huzuni.

"Mwaka jana kopo moja lilikuwa na ndagala tisini," alisema. "Mwaka huu, mia moja na nane. Maana yake wamekuwa wadogo. Wanavuliwa kabla hawajakua. Kesho saa nne nina mkutano na wavuvi Kajaga. Itabidi nipendekeze ziwa lifungwe miezi miwili." Akamgeukia Raihana. "Hesabu yote inategemea uzito. Ulipima gramu mia mbili kamili?"

"Ndiyo, Madamu."

Neno lilitoka lenyewe, na lilipokwisha kutoka ndipo Raihana akakiona kiganja chake kikichota. Lo! Ndagala hawakuwa wamepungua ukubwa hata kidogo. Waliozidi ni wale aliowaongeza yeye!

Akamvuta Loïc kando na kumweleza yote.

"Nyamaza," Loïc alimnong'oneza. "Ukisema, kesho umerudi nyumbani. Na mi nitabaki peke yangu. Nani aliona?"

Hakusema kwa ubaya, maskini. Alikuwa ameshamzoea dada yake wa maandazi.

Raihana alirudi nyumbani kwa miguu, hatua nzito. Alimkuta bibi uani, amekaa mbele ya turubai lenye ndagala waliokaushwa, akichagua mchanga. Habari za kufungwa kwa ziwa zilikuwa zimemfikia tayari.

"Miezi miwili bila ndagala, sijui tutakula nini," bibi alisema polepole. "Lakini kama samaki wamechoka, tuwaache wapumuzike. Wale waliosoma hawawezi kutudanganya. Na mujukuu wangu yuko ndani yao."

Afadhali angempiga kofi. Raihana aliinama akajifanya anachagua mchanga pia, machozi yakidondoka juu ya turubai. Aliipenda ile kazi. Alipenda mizani, alipenda koti jeupe lililompita magoti, alipenda hata harufu ya maabara. Lakini sasa aliwaona wavuvi wote wa Kajaga wamekaa bure, na bibi mbele ya turubai tupu, kwa sababu ya mdomo wake mmoja uliosema ndiyo.

Ijumaa hakupiga pasi chochote. Saa moja kamili alikuwa mlangoni mwa maabara, na Madamu Fabiola alipofika na mafaili kwapani, Raihana hakusubiri hata salamu ziishe.

"Madamu, jana nilikudanganya. Nilipima mia mbili, kisha nikaongeza kiganja kimoja. Kila kopo."

Madamu Fabiola alishusha mafaili. "Uliongeza? Kwa nini?"

"Nyongeza, Madamu. Nyumbani tunauza hivyo. Niliona aibu kukupa kipimo kikavu. Mwanzo sikujua kama ni kosa. Lakini jana ulipouliza, nilijua, nikaogopa kufukuzwa."

"Kiganja kina gramu ngapi?"

"Sijui, Madamu."

"Basi tutajua. Ndagala wako bado wamo kwenye friji. Vaa koti. Tuna saa mbili."

Walipima upya vikopo vyote ishirini, kimoja kimoja. Loïc alipofika alinawa mikono haraka akaingia kazini bila kuulizwa. Kopo la kwanza, mia mbili arobaini. La pili, mia mbili thelathini na nane. La tatu, mia mbili arobaini na tatu. Mikono iliwafa ganzi kwa baridi. Madamu Fabiola aligawanya, akarudia, akaweka kalamu chini.

"Kwa gramu mia mbili ni tisini," alisema. "Tisini, kama mwaka jana."

Loïc alipiga kelele ya furaha. Raihana hakuthubutu.

Huko Kajaga wavuvi walikuwa wameshajipanga kwa hasira, wamesimama bega kwa bega. Madamu Fabiola hakumficha mtu. Alimsogeza Raihana mbele.

"Kosa ni lako," alimwambia kwa sauti ya chini, "na aliyelisahihisha ni wewe. Sema mwenyewe."

Raihana alisema yote, hadi lile neno la uongo, na kwamba ndagala ni wakubwa kama mwaka jana, kwa hiyo ziwa halitafungwa. Kisha mzee Salvator akauliza, "We ni mutoto wa nani?"

"Mjukuu wa Mwanne, wa Buyenzi."

"Mwanne wa nyongeza!" mama mmoja mnunuzi alipaza sauti, na ufuko mzima ukaangua kicheko. Lakini mzee Salvator hakucheka. Aliteremka kutoka kwenye ukingo wa mtumbwi, akampa Raihana mkono kama anavyompa mtu mzima.

Mchana, maabarani, Raihana alivua koti, akalikunja vizuri na kuliweka mezani. Madamu Fabiola alifungua kabati, akatoa daftari kuukuu la kijani na kulifungua ukurasa wa kwanza. Juu kulikuwa na maneno ya wino uliofifia: "Nimepima joto la maji ya ndoo, nikaandika ni maji ya ziwa. Fabiola, mwanafunzi wa staji, siku ya nne."

Raihana alisoma mara mbili, kisha kicheko na machozi vikamtoka pamoja.

"Kila aliyepita hapa ameandika lake," Madamu Fabiola alisema. "Sikiliza, mwanangu. Ukarimu wako usiuache. Sokoni endelea nao. Lakini mtu anayepima kwa ajili ya wengine huwapa kitu kimoja tu, ukweli, bila kupunguza na bila kuongeza. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Kosa lililosemwa tunaweza kulipima upya. Kosa lililofichwa huharibu hata kazi yako nzuri, kwa sababu hatutajua tena tuamini lipi. Kwa kiganja chako sikukasirika. Kwa ile 'ndiyo' ya jana, nilikasirika. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Madamu."

Madamu Fabiola akampa kalamu.

"Andika kosa lako, na jina lako chini yake. Halafu vaa koti, Loïc anakusubiri muoshe vikopo vya Jumatatu."